Mbegu Niliyoiamsha Kabla ya Mvua

Ijumaa, tarehe 25 Oktoba, saa kumi na robo jioni. Nyumbani, upande wa Zombe.

Saa naijua kwa sababu niliiona kwenye simu. Nilikuwa ndio nimetoka shule, sijavua hata viatu, na tayari nilikuwa nimeiangalia simu mara saba. Ujumbe niliomtumia mama Jumapili ya wiki iliyopita, ile ya tarehe kumi na tatu, una tiki mbili za buluu. Amesoma. Hajajibu. Leo ni siku ya kumi na mbili.

Mama yangu, Mwende, anafanya kazi ya nyumba kwa familia moja Mombasa. Huu ni mwaka wa tatu. Alisema atakuja kabla ya mvua tupande pamoja, na mimi niliamini kama mjinga. Sasa watu wote wanapanda na yeye hata neno hana.

Mimi si mtu wa kuongea. Hata jina langu likiitwa darasani, "Niko" inanikwama kooni hadi mwalimu anarudia. Hapa kwenye daftari ndipo huwa nasema. Lakini leo nilikuwa nimeandika ujumbe mwingine kwa mama, mfupi, na kidole kiko juu ya kile kitufe cha kutuma: "Mama usijisumbue kuja. Tumezoea bila wewe."

Susu alikuwa jikoni, ungo kwenye mapaja, anachambua mbegu za kunde. Susu ni nyanya yangu, mama yake mama. Ndiye aliyenilea.

"Kanini, hiyo simu utaitoboa na macho," akasema. "Hata kuku hatagi akitazamwa hivyo."

"Si kitu, Susu."

"Basi nisomee."

Susu hajui kusoma lakini anajua uso wangu. Nikamsomea. Nilidhani atanigombeza, kwa sababu anayezungumziwa pale ni mtoto wake wa kumzaa. Hakunigombeza. Alipeperusha ungo mara mbili, maganda yakaruka, kisha akauliza, "Umeshatuma?"

"Bado."

"Basi bado uko na bahati kuliko mimi. Weka hicho kitu juu ya gunia, uje unisaidie. Macho yangu siku hizi hayaoni tofauti ya mbegu na mavi ya panya, na mavi ya panya hayaoti."

Nikakaa. Haya yanayofuata ni maneno yake. Alisema kwa Kikamba, mimi nayaweka kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ninachoandikia daftari hili, na pia kwa sababu nataka siku moja mama ayasome.

*

Mwanangu, kila mwezi kama huu ukifika namkumbuka msichana mmoja mjinga aliyeshuka kutoka Mbooni kuja kuolewa huku chini. Huyo msichana ni mimi.

Kwetu Mbooni, asubuhi ukungu hukaa kwenye migomba hadi chai iishe. Njia ni za kupanda na kushuka, magoti yanalia, lakini udongo una maji. Kule mtu hupanda udongo ukiwa umelowa, anausikia baridi kwenye nyayo. Huku nilikuta nchi nyekundu, imekauka hadi inapasuka, na maji unayafuata kwenye mto wa mchanga, unachimba shimo, unangoja yajitokeze. Nilipofika nililia wiki nzima. Mtu hulilia hata ukungu, usicheke.

Babu yako alinioa mwezi wa nne, na mwezi wa sita akarudi Mombasa, alikokuwa akibeba mizigo bandarini. Aliniacha na mimba changa. Aliposhika begi lake aliniambia, "Nitakuja tupande pamoja." Unaona? Maneno yenyewe ni yale yale. Watu wanaoenda Mombasa sijui ni nani huwafundisha kusema hivyo.

Nikabaki na mama mkwe wangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache, na akicheka unaona mabega tu yakitikisika, sauti haitoki. Mwezi wa kumi, siku moja asubuhi, akanipa jembe akasema, "Twende tupande."

Nikaangalia juu. Hakuna wingu hata la kufunika kifaranga. Nikaangalia chini. Vumbi. Nikafikiri ananitania, au jua limemchanganya. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nikanyamaza nikalima. Siku tatu tulizika mbegu kwenye vumbi. Mimi niliona tunazika chakula.

"Mama," nikamuuliza, "hizi zitaota kweli?"

"Zikiitwa."

"Zitaitwa na nani?"

Mabega yakatikisika. "Si na wewe."

Basi hapo ndipo nilianza ugonjwa wangu. Kila asubuhi nikienda mtoni napitia shambani, nachuchumaa, nafukua mbegu moja kwa kidole nione kama imeota. Imekauka vilevile. Naifunika. Kesho nafukua mbili. Kesho kutwa tano. Nikitoka mtoni napitia dukani kuuliza kama kuna barua kutoka Mombasa, kwa maana siku hizo hakuna simu, barua zinakuja kwa duka. Mwenye duka alinizoea. Akiniona nikitokea na mtungi, anatikisa kichwa kabla sijafika mlangoni.

Nikaishi hivyo karibu mwezi. Asubuhi nafukua mbegu, mchana nafukua barua. Chakula nakula sijui kama kina chumvi. Wanawake wenzangu wanaimba mtoni wakingoja maji yajae shimoni, mimi nahesabu siku kwa vidole. Na mama mkwe, yule wa maneno machache, wakati huo ndio alikuwa ananizoea, ananisimulia mambo yake tukipika. Mimi nasikia mwisho tu. Alinisimulia siku aliyovuka mto umefurika, yeye bado msichana, na ndama mabegani. Najua ndama alipona. Jinsi alivyoingia kwenye hayo maji, na kwa nini, na nani alikuwa ng'ambo akimwita, hayo aliyasema na mimi nilikuwa hapo hapo nikikoroga chungu, lakini akili yangu ilikuwa dukani. Amekufa sasa. Hakuna mwingine anayeijua. Mwanangu, ukiniuliza leo natamani nini katika dunia hii, sitakuambia nyumba wala ng'ombe. Natamani nirudi jikoni kwa yule mama nimwambie, "Anza tena mwanzo."

*

(Hapa Susu aliinamia ungo. Nilifikiri amemaliza. Alikuwa anatoa jiwe kwenye kunde.)

*

Sasa sikia ujinga wenyewe. Kwetu Mbooni mmea ukisinyaa unaupa kikombe cha maji, unaamka. Nikajiambia, hizi mbegu zimesahaulika na Mungu, nitazisaidia. Nikabeba mtungi niliotoka kuuchota, mwendo wa saa nzima, nikaenda nao pembe ya chini ya shamba ambako mama mkwe hapiti sana. Nikamwagia mistari miwili, kikombe baada ya kikombe. Kesho yake tena. Hakuna mtoto aliyezaliwa huku anayeweza kufanya hivyo, hata yule mwenye akili kidogo kabisa.

Baada ya siku chache zikachipuka! Vijani viwili viwili, kijani kabisa, katikati ya vumbi. Nilikimbia hadi nyumbani na ile mimba yangu. "Mama, njoo uone!"

Alikuja. Akapiga magoti, akagusa jani moja kwa ncha ya kidole. Mabega hayakutikisika.

"Umemwaga maji mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na kesho?"

"Kesho nitamwaga tena."

"Na kesho kutwa? Na shamba hili lote? Utaubeba mto mzima kichwani?"

Nikaanza kuhesabu mistari kwa macho.

"Msichana wa Mbooni," akaniambia, na hakupandisha sauti, "mbegu kwenye vumbi haijafa. Imelala, na huo usingizi ndio unaoilinda. Wewe umeiamsha kabla ya siku yake, na huna mvua ya kuipa. Umeiamsha ije ionane na jua peke yake."

Siku ya tatu ile mistari yangu ilikuwa kama nywele zilizoungua.

Ungedhani nilijifunza. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Badala ya kusikia neno la yule mama, nikapata hasira: shamba limenidanganya, na mume amenidanganya. Nikaenda kwa mwinjilisti wa kanisa letu, aliyekuwa akituandikia barua sisi tusiojua kusoma. Nikamwambia aandike hivi: "Kama huji, usije. Mtoto akizaliwa nitamwambia baba yake alikufa."

Yule mwinjilisti akaweka kalamu chini. "Dada, haya nikishayaandika siwezi kuyafuta."

"Andika."

"Lala kwanza, urudi kesho."

"Wewe ni mwandishi au mume wangu? Andika!"

Akaandika. Barua ikaenda.

Mvua ilikuja siku ya tisa baada ya barua kuondoka. Ilikuja mchana, na kishindo, kuku wakakimbilia ndani. Baada ya siku chache shamba lote likaamka pamoja. Lote, isipokuwa ile mistari yangu miwili. Ilibaki nyekundu katikati ya kijani, kila anayepita njiani anauliza, "Hapa kulikuwa na nini?" Mama mkwe anawajibu, "Hapo tulipumzika." Hakunitia aibu hata siku moja.

Babu yako hakuja mwaka huo. Wala miwili iliyofuata. Alituma pesa za matumizi kwa mkono wa watu, bila neno. Alipokuja, mama yako alikuwa anakaribia miaka mitatu. Alisimama hapo uani na begi lake, akaomba maji. Mama yako akakimbia akajificha nyuma yangu, akanivuta nguo, akaniambia, "Mama, mgeni anataka maji."

Aliyanywa amesimama, kama mgeni.

Baadaye sana, tumeshazoeana upya, ndipo nikapata moyo wa kumuuliza kwa nini hakuja ule mwaka wa kwanza. Akasema, "Nilikuwa nimeomba ruhusa na nimepewa. Barua yako ilinikuta nikifunga mzigo. Nikaufungua."

Nikaufungua. Neno moja hilo, mwanangu, nimelibeba miaka yote hii. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole litavimba, litapona. Hakuwa mtu mbaya, tulizeeka pamoja, na nilimzika nikimlilia kwa haki. Lakini ile miaka mitatu hakuna aliyenirudishia. Na mama yako, kumwita "baba" kulimpa shida hadi alipokuwa mkubwa. Anasita kwanza, kama mtu anayevuka mbao juu ya shimo.

*

Nilikuwa nalia kidogo wakati huo, nikijifanya ni vumbi la kunde. Nikamuuliza kitu ambacho kwa kawaida nisingeuliza.

"Lakini Susu, na kama haji kabisa?"

"Basi hatakuja, na utalia, na mimi nitakupikia muthokoi na kukukalia karibu. Sikudanganyi. Kuna mwaka mbegu hukaa kwenye vumbi na mvua isije. Huo mwaka tumeuona, na bado tuko hapa. Lakini usiilaumu mbegu kabla ya mvua kukosa."

"Amesoma na hajajibu."

"Wewe ukiitwa darasani hujibu?"

Nikainamia kunde.

"Umeona? Na mwalimu akidhani unamdharau? Mtu aliyeahidi kuja na hana nauli, au mwenye nyumba amemkatalia, ataandika nini? Aibu hufunga mdomo kuliko hasira. Mtoto wangu namjua. Huyo hajakunyamazia wewe. Anajificha nyuma ya nguo, kama siku ile."

Kisha Susu akauweka ungo chini, akanigeukia vizuri, akaniambia kama anayeniachia vitu. Nayaandika kadiri ninavyokumbuka, si kwa mpangilio.

Mwanangu, kungoja ni kazi kama kazi nyingine, na ina njia yake. Ukishapanda, funika, uondoke. Kuna ua wa kurekebisha, kuna mbuzi, kuna kitabu chako cha hesabu ambacho naona unakikimbia. Anayefukua kila siku hangoji, anajitesa tu, na mbegu anaiharibu.

Ukiwa mahali, uwe hapo. Anayekusimulia jambo msikilize tangu mwanzo. Ugali ukiwa na moto, kula ukiwa na moto. Watu walio karibu nawe si watu wa kupitishia wakati ukingoja walio mbali. Mimi nilipoteza mtu mzima nikikoroga chungu mbele yake.

Mbegu usiimwage yote siku moja. Bakisha kwenye kibuyu. Vilevile moyo, usiuweke wote kwa mtu mmoja, hata awe mama yako. Una huyo rafiki yako mwenye kelele unayekuja naye njiani, una kwaya ya kanisa hata kama unasimama nyuma hutoi sauti, una mimi. Mtu mmoja akichelewa, usife njaa.

Neno la hasira lipe usiku mmoja. Likiwa la kweli, asubuhi utalikuta hapo hapo. Ningemsikia yule mwinjilisti!

Na ukimtamani mtu, mwambie unamtamani. Usimwambie "usije". Sisi wanawake wa nyumba hii tuna huo ugonjwa: tukitaka mtu aje, tunamwambia aende. Ukiwa na kiu omba maji, usipige mtungi teke. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi hiyo methali nimeikataa. La mama yako liko. Liko hapa, mimi ninalo, na wewe unalo, ndiyo maana linakuuma.

Utulivu, mwanangu, si kwamba huna unachotamani. Mimi mzee hivi bado natamani mambo mengi, na bado nalala usingizi.

Halafu akanishika mikono yote miwili, na yake ilikuwa na vumbi la kunde, akanitemea mate kidogo kifuani kama wazee wetu wa zamani walivyokuwa wakibariki. Mchungaji wetu akisikia atasema jambo, lakini sikumwomba ruhusa. Akasema: "Mungu akupe moyo unaojua kukaa. Akuepushe na ulimi wa haraka ulionipata mimi. Unayemtamani akukute ukiwa mzima, umeshiba, na una jambo la kumsimulia. Na asipokuja, upendo ukukute hata hivyo, kwa mlango mwingine. Uishi, uzeeke, uwe na mtu wa kukuambia 'anza tena mwanzo.'"

Nikasema amina. Ilitoka na sauti.

Baadaye tukila, nikamuuliza jina la yule ndama. Akacheka, mabega tu.

*

Jumamosi, asubuhi.

Niliamka nikaukuta ule ujumbe hapo hapo. Niliusoma mara moja. Haukuwa wa kweli. Hatujazoea bila yeye, hata Susu hajazoea, nimemwona akibakisha kikombe cha tatu kwenye meza. Nikaufuta.

Kisha nikafanya kitu ambacho sijawahi. Nilienda nyuma ya choo ambako hakuna mtu, nikamrekodia mama sauti. Sipendi sauti yangu. Ya kwanza niliifuta, ya pili jogoo wa jirani aliiharibu. Ya tatu nikasema hivi, nakumbuka yote kwa sababu niliyapanga kichwani:

"Mama, ni mimi Kanini. Leo tunaanza kupanda, upande wa chini kwanza. Susu ni mzima, goti tu ndilo linamsumbua. Nimekuwa mrefu, sasa namzidi Susu, sijui wewe. Hesabu nilipata alama mbaya lakini Kiswahili nilikuwa wa pili. Natamani kukuona. Hata kama hujapata nauli, natamani tu kukuona. Nimemaliza."

Hakukuwa na swali hata moja ndani yake. Nikatuma kabla moyo haujabadilika, nikaenda kuweka simu ndani ya sanduku la nguo, chini ya sketi ya shule.

Susu alikuwa ameshatangulia shambani na kopo la mbegu. Nilichukua jembe langu nikamfuata, na nilipomfikia nikamwambia, "Susu, niambie ya Mbooni. Siku uliyoondoka. Anza na asubuhi."

Akapiga shimo la kwanza, vumbi likapanda. "Asubuhi hiyo," akasema, "kulikuwa na ukungu."

Nikaweka mbegu, nikafunika kwa mguu, nikasogea shimo la pili nikiwa nasikiliza.